Kizuri Chajiuza, Lakini Kwanza Kionekane

Nimefika barazani penu kama kawaida yangu ya kila juma. Nivutieni kigoda nikae, maana maneno ya leo ni marefu kidogo, nayo yaanza na ng'ombe.

Jirani yangu mmoja, huku huku kwetu milimani Usambara, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Akamwuza mmoja. Juu ya fedha ile akaongeza bei ya viazi vya misimu miwili, akampeleka binti yake mjini katika chuo cha ufundi, asomee ubunifu wa mavazi na ushonaji. Wako waliomcheka. Walisema, "Mtoto wa kike ataolewa, na fedha yako itakwenda kwa watu." Yeye hakuwajibu. Binti akasoma, akafaulu, akarudi nyumbani na cheti chenye mhuri.

Basi binti akaanza kutafuta kazi. Alikwenda Lushoto mjini, akashuka Soni, akafika Mombo, akaendelea mpaka Korogwe. Kila mahali alitoa cheti katika bahasha, na kila mahali mambo yalikwenda vile vile. Mwenye duka husoma cheti, huitikia kwa kichwa, kisha huuliza, "Vema, mwanangu, lakini umeshona nini?" Binti hujibu, "Nimesomea kushona nguo zote." Mwenye duka humrudishia bahasha yake na kumwambia, "Tutakuita." Nauli ikaisha, wala hakuna aliyemwita.

Jioni moja nilipita kwao kuwasalimu. Baba yake alikuwa amekaa karibu na zizi. Akaniambia neno lililonichoma: "Mwenzangu, nimeuza ng'ombe nikanunua karatasi." Kisha akaongeza la pili lililonichoma zaidi: "Huyu mdogo wake anayemfuata hatakwenda chuo. Atabaki hapa na jembe." Na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

Wapenzi wasomaji, najua nyumba nyingi zenye karatasi ya namna hiyo sandukuni. Kwa hiyo leo tuzungumze habari yake. Baba yule hakukosea kumsomesha binti, wala binti hakukosa ufundi. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, nacho hakigharimu ng'ombe.

KITU KILICHOKOSEKANA

Cheti husema kwamba mtu alifundishwa na akafaulu mtihani. Ni kitu cha heshima, na kitunzwe. Lakini cheti hakionyeshi jinsi mkono wa mtu unavyofanya kazi. Mnunuzi wa viazi akipanda kwetu kutoka Dar es Salaam, haombi barua ya kusifu shamba. Hufungua gunia akatazama. Mama mfinyanzi akipeleka vyungu gulioni, humwachia mnunuzi akigonge chungu kwa kidole asikie mlio wake. Fundi wa nguo naye yampasa awe na kitu ambacho mtu aweza kukifungua na kukigonga.

Kitu hicho vyuoni hukiita potifolio. Sisi hapa barazani tukiite kitabu cha kazi. Ni jalada ambalo ndani yake fundi amepanga kazi za mikono yake mwenyewe: michoro, picha, vipande vya kitambaa, vipimo, na maelezo mafupi. Mtu asiyemjua hata kidogo akilifungua kwa dakika kumi, huinuka anajua fundi huyu aweza nini.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli tupu. Lakini kizuri kilichofungiwa sandukuni chini ya kitanda, nani atakinunua? Hata kizuri lazima kwanza kionekane.

SI JAMBO GENI

Msifikiri kwamba hii ni desturi ya juzi, iliyoletwa na simu. Yapata mwaka 1482, huko Italia, alikuwapo kijana wa miaka 30 hivi jina lake Leonardo da Vinci. Alitaka kazi kwa mtawala wa mji wa Milano. Leo ulimwengu wote wamjua Leonardo kwa uchoraji. Lakini katika barua aliyomtungia mtawala yule hakuanza na uchoraji hata kidogo. Alianza na madaraja mepesi ya kubebwa na askari, mizinga, na vyombo vya vita. Akataja majengo na mifereji ya maji ya wakati wa amani. Uchoraji aliutaja karibu na mwisho. Kwa nini? Kwa sababu mtawala alikuwa na vita na adui zake, na Leonardo alilijua hitaji lake. Tena akamalizia kwa kusema kwamba kama lolote kati ya hayo halisadikiki, yu tayari kulifanyia majaribio mbele yake. Shikeni mambo hayo mawili: weka mbele kile ambacho mwenye kazi anakihitaji, na uwe tayari kujaribiwa.

Twaweza kutazama karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Katika miaka ya 1950 alikuja mkoa wetu huu wa Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa wakati ule. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na yapata mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mwembamba, kwa rangi za kupakia baiskeli. Cheti cha uchoraji hakuwa nacho. Alifanya nini? Alizitundika picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, kule Oysterbay, mahali ambapo watu wenye fedha walipita kila siku kununua mahitaji yao. Wakaziona, wakazinunua. Alifariki mwaka 1972, lakini vijana aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo watu huuita uchoraji wa namna ile kwa jina lake. Mahali pale nje ya duka palikuwa kitabu chake cha kazi.

AIBU YANGU MWENYEWE

Sasa nirudi kwa binti wa jirani. Siku ya pili nilimwambia alete sanduku lake, tulifungue mbele ya wazazi wake. Alikuwa na daftari la michoro lililonyeshewa mvua pembeni. Alikuwa na mfuko wa vipande vya mazoezi: kola, mfuko wa shati, zipu, vitundu vya vifungo. Nguo kamili alizozishona chuoni hazikuwapo. Nyingine zilibaki huko, nyingine alizigawa, na hakuna hata moja aliyoipiga picha.

Akasema kwa sauti ndogo, "Babu, mwenzangu mmoja ana picha ya gauni la harusi katika simu yake, zuri mno, lina shanga. Mimi sikulishona, lakini nilisaidia shanga kidogo. Nimwombe anitumie? Nani atajua?"

Hapo nikamweleza habari ambayo hata wanangu sikuwahi kuwaeleza. Mimi nilijifunza useremala nilipokuwa kijana. Nilipotaka kazi ya kwanza nilikwenda kwenye karakana moja mjini, mkononi nina picha ya kabati la kupendeza. Kabati lile hakulitengeneza mtu mwingine ila fundi aliyenifundisha. Mimi niliipiga msasa milango yake tu. Fundi mkuu wa karakana aliitazama picha kwa kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana, pembe za droo hizi umeziungaje?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Ulianza kukata ubao upi?" Nikatazama chini. Akanirudishia picha. Akasema, "Nenda salama. Lakini niambie, kwa mikono yako wewe umetengeneza nini?" Nikasema, "Kigoda cha mama yangu." Akasema, "Mbona hukuniletea kigoda?"

Kigoda kile nilikiacha nyumbani kwa sababu nilikionea haya. Kilikuwa na miguu mitatu, na hakikuyumba hata kidogo. Mama alikikalia mpaka uzee wake. Nilikosa kazi kwa kabati lisilo langu, na huenda ningeipata kwa kigoda kilicho changu.

Enyi wakulima wa nyanya, mwajua habari ya tenga. Mtu apangaye nyanya nzuri juu na mbovu chini huuza mara moja. Msimu ufuatao mnunuzi wake hupita mlangoni bila kusimama. Kitabu cha kazi chenye kazi ya mwingine ni tenga la namna hiyo, na mbovu huonekana mapema, mara fundi mkuu anapouliza swali la kwanza.

JINSI YA KUKITENGENEZA

Haya basi, tuingie kazini. Nitasema habari ya nguo, kwa kuwa ndiyo ya binti wetu, lakini seremala, mchoraji wa mabango, mfumaji na mfinyanzi aweza kuyageuza maneno haya yafae kazi yake.

Kwanza, kusanya. Toa kila kitu ulichokifanya, kizuri na kibaya, ukitandaze juu ya mkeka. Kama nguo za chuoni zimepotea, usilie. Shona nyingine. Binti wetu alikaa wiki tano nyumbani na cherehani ya kuazima. Alimshonea bibi yake gauni kutoka vitambaa viwili vilivyobaki. Aligeuza suruali kuukuu ya baba ikawa kaptula ya mtoto. Alishona sare za wanakwaya watatu wa kigangoni, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mmoja mwenye bega lililoinama, na zote tatu zikakaa vema.

Pili, chagua. Kazi 10 au 12 zatosha. Usiweke 40 ili jalada liwe nene, maana mwenye duka hana siku nzima. Kazi iliyo bora iwe ya kwanza, na inayoifuata kwa ubora iwe ya mwisho, kwa kuwa mtu hukumbuka alipoingilia na alipotokea. Kazi unayoionea mashaka iondoe. Jalada husifiwa kwa kazi nzuri zilizomo, lakini ile mbovu moja ndiyo itakayozungumzwa.

Tatu, kila kazi ipewe ukurasa wake. Weka mchoro wa kwanza ulivyokuwa. Weka picha ya nguo upande wa mbele, upande wa nyuma, na tena ikiwa imegeuzwa ndani nje. Usisahau hiyo ya tatu! Mteja hutazama nje ya nguo, lakini fundi mwenzako hutazama ndani: mishono imenyooka? Kingo hazifumuki? Bitana imekaa? Bandika kipande kidogo cha kitambaa chenyewe. Kisha andika kwa maneno machache: nguo hii ni ya nani, ilihitajiwa kwa kazi gani, kitambaa kiasi gani kilitumika, saa ngapi, gharama gani, na tatizo gani ulilitatua.

Hilo la mwisho ndilo roho ya ukurasa. Ubunifu si mapambo peke yake. Kubuni ni kutatua shida ya mtu kwa kitu kinachopendeza na kudumu. Nitawapa mfano. Binti alimshonea mdogo wake sketi ya shule, yule yule aliyesimama mlangoni. Pindo la chini alilikunja upana wa vidole vinne, na kiunoni akaacha nafasi ndani ya mshono. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hukua, na baba hana fedha ya sketi mpya kila mwaka. Mwakani pindo litashushwa, na sketi itakuwa mpya tena. Katika ukurasa alichora sketi mara mbili, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, na kando akaandika, "Sketi moja, miaka miwili." Hakuna shanga pale, wala hakuna lulu. Lakini mzazi ye yote wa Bumbuli au Mlalo ataielewa bila kuelezwa.

Nne, sema kweli ya mkono wako. Kama kazi mliifanya wawili, andika sehemu yako. Lile gauni la harusi binti aliliweka baadaye, kwa ruhusa ya mwenzake, nalo likapata ukurasa mmoja. Chini yake aliandika, "Gauni hili limeshonwa na mwenzangu. Mimi nilishona shanga za mkono wa kushoto." Shanga za mkono wa kushoto, basi! Hakuongeza wala hakupunguza.

Tano, picha ziwe safi. Simu ya kawaida yenye kamera yatosha. Ngoja ukungu wetu wa asubuhi upande, lakini usipige saa sita jua likichoma. Tundika nguo kivulini nje, mbele ya ukuta mtupu au shuka jeupe. Usiitundike mbele ya kanga yenye maua, maana jicho halitajua litazame wapi. Futa kamera kwa kitambaa laini. Piga pasi nguo kwanza! Nimeona kazi nzuri iliyoharibiwa na makunyanzi. Kama mtu amevaa nguo ile, mwombe ruhusa kabla hujaionyesha sura yake kwa watu, na kwa mtoto waombe wazazi wake. Taarifa za mtu ni mali yake, nasi tunayo sheria ya kuzilinda tangu mwaka 2022.

Sita, vaa koti. Nasema habari ya kitabu chenyewe. Sisi ni watu wa mvua. Nunua faili lenye mifuko ya plastiki ndani, linalouzwa na wauza vifaa vya shule. Ukurasa wa kwanza uwe na jina lako, ufundi wako, namba ya simu na mahali unapokaa, basi. Cheti kikae mwisho, nakala yake, si chenyewe. Picha zote zihifadhi pia katika simu, na nyingine kwa ndugu unayemwamini, ili simu ikianguka mtoni kazi zako zisizame nayo.

Kwa wale waliosomea kuchora vitambaa, nao neno moja. Ukionyesha mchoro wa kanga, onyesha kanga nzima: pindo lake, mji wake, na jina lake. Msichana akichora maua mazuri ya mji akasahau pindo, amechora nusu ya kazi. Chora pia rangi mbili au tatu za mchoro ule ule, maana kiwanda huhesabu kila rangi kwa gharama yake.

SIKU YA KUKIONYESHA

Kitabu kimekwisha. Sasa kabla hujakipeleka mjini, kionyeshe nyumbani. Mwite bibi yako ambaye hajapata kusikia neno potifolio. Mpe akifungue mwenyewe, nawe nyamaza. Mahali anapouliza, "Hiki ni nini?" hapo ukurasa una kasoro. Urekebishe. Bibi ni mtihani mkali kuliko mkaguzi.

Kisha ujue unakwenda kwa nani. Anayeshona sare za shule hataki kuona gauni la harusi kwanza. Anayeshona mavazi ya misa atataka kuona kanzu iliyonyooka na darizi isiyo na nyuzi zinazoning'inia. Kiwanda kikubwa cha mjini chataka kujua kama waweza kurudia mshono ule ule mara mia bila kupotoka. Kwa hiyo panga upya kurasa zako kila unapokwenda. Kumbuka barua ya Leonardo.

Ukifika, amkia watu kama ulivyofundishwa nyumbani. "Shikamoo" haijawahi kumkosesha mtu kazi. Usifike saa ambayo wateja wamejaa dukani. Kigeuze kitabu kimwelekee yeye, si wewe. Mwache atazame. Kwa kila kazi sema maneno matatu tu: ilikuwa shida gani, ulifanyaje, ikawaje. Akikuuliza juu ya kosa, usijitetee kama mtu aliye barazani kwa hakimu. Sema, "Ndiyo, pale nilikosea, na leo ningefanya hivi." Fundi mzoefu humwamini anayejua kosa lake.

Akisema, "Haya, nikatie mkono wa shati," usiogope. Chukua futi, pima mara mbili, kata mara moja. Ndiyo maana twasema kazi iwe yako: aliyeifanya jana aweza kuifanya leo.

Tena sikilizeni vizuri, vijana. Kitabu chenyewe usikiache kwa mtu. Akitaka kukaa nacho, mwachie nakala ya kurasa mbili zenye jina lako na tarehe. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda mchoro wa mtu tangu anapouchora, lakini tarehe na jina humsaidia mwenye mali kuthibitisha.

Na hasa ninyi mabinti, na ninyi wazazi wao. Kazi ya kushona huonyeshwa dukani au karakanani, mchana, mbele ya watu. Mtu anayesema mlete kitabu jioni kwenye nyumba ya wageni hataki kutazama mishono. Ondoka upesi. Kumwomba mtu mwili wake ili apate kazi ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa kwa sheria ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea malalamiko hayo. Vivyo hivyo mtu anayedai fedha kwanza ili akutafutie nafasi, mwogope. Mara ya kwanza nenda na shangazi au kaka, akae nje akungoje. Hapana aibu katika hilo.

NENO KWA WAZAZI

Baba na mama, nanyi mna sehemu yenu. Mwanao akiwa bado chuoni, usimwulize tu, "Umefaulu?" Mwambie, "Nionyeshe ulichokifanya." Kila likizo mwulize hivyo. Ataanza kutunza kazi zake mapema, maana anajua kuna mtu nyumbani anayengoja kuziona. Akija na nguo iliyopinda, usimcheke mbele ya wageni. Iweke. Mwaka wa pili atashona iliyonyooka, na zile mbili zikiwekwa pamoja zitaonyesha kwamba ada yako haikupotea.

Na akirudi nyumbani, mpe muda. Yule anayekaa wiki tano na cherehani hajakaa bure. Usimwite kila saa aache uzi akachume maharage. Viazi havioti siku ile ile ya kupandwa, nanyi hamvitukani.

Kama mwanao hakusoma chuo bali alijifunza kwa fundi wa mtaani, asikate tamaa. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuutambua ujuzi wao. Kwa mtu huyo kitabu cha kazi kina faida mara mbili, maana ndicho kinachosema kabla hajapata karatasi yo yote.

MWISHO WA HABARI

Mwajua mnataka kuniuliza nini. Binti yule alipata kazi?

Alishuka tena bondeni na kitabu chake, ndani ya mfuko wa plastiki, siku ya mvua. Duka la kwanza walikitazama wakasema hawana nafasi. Duka la pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa la mama mmoja mshona sare za shule. Alikifungua, akapita haraka kurasa mbili, akafika kwenye sketi yenye pindo la vidole vinne. Akasimama hapo. Akaita msaidizi wake aje atazame. Akaendelea, akafika kwenye gauni la harusi, akasoma maneno ya chini, akacheka sana. Akasema, "Wengine hunijia na gauni zima. Wewe umeniletea mkono wa kushoto. Keshokutwa njoo, tuone mwezi mmoja."

Mwezi mmoja wa majaribio ukapita, akapewa mwingine, na sasa ana cherehani yake dukani pale. Mshahara si mkubwa, nami sitawadanganya. Ng'ombe bado hajarudi zizini.

Lakini nilipopita kwa jirani yangu juma lililopita, nilimkuta shambani anapalilia viazi. Nikamwuliza mwaka huu amepanda vingi, vya nini. Akaegemea jembe, akatazama chini kuelekea shule, ambako watoto walikuwa wanatoka. Akasema, "Ni vya ada ya yule mdogo. Amesema anataka useremala." Kisha akaniuliza kama naweza kumfundisha kutengeneza kigoda kabla hajaenda, awe na kitu cha kuweka ukurasa wa kwanza.

Nimemwambia aje Jumamosi na msumeno. Nanyi, jioni ya leo, lifungueni lile sanduku. Kwaherini, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.